Maharagwe ya Jumatatu

Kila mjengo wa ghorofa Kileleshwa una mwanamke wake wa chakula. Siku ambayo wachimbaji wanafika na majembe kuchimba msingi, kuna mama anayefika nao. Hupanga mawe matatu kwenye kona isiyosumbua malori, akawasha moto. Tangu hapo mahali pale ni pake mpaka paa liezekwe na mafundi wa rangi waondoke. Hakuna barua inayosema hivyo, lakini kina mama wa mjengo wanaliheshimu jambo hilo kuliko wanavyowaheshimu askari wa kanjo, wale wa jiji. Sharti ni moja, kwamba moto uwake kila siku ya kazi. Ukipoa siku tatu mfululizo, yeyote anaweza kuja na sufuria yake. Na huyo anayekuja, siku yake ya kwanza, humwita yule aliyemtangulia na kumpa sahani kabla fundi yeyote hajaonja. Mwenzake akiila yote, mambo yameisha. Akiiacha, kuna kesi.

Nanjala aliingia katika kazi hiyo kwa kutoa sahani. Alikuwa mgeni kutoka Kimilili, na mama mmoja mzee aliyechoshwa na moshi alimwachia mawe yake karibu na Barabara ya Othaya. Nanjala alimpakulia. Mama yule alikula polepole, akafuta mdomo kwa leso, akasema, "Chumvi iko sawa," akaenda zake. Hawakuonana tena.

Tangu siku hiyo alikuwa amepikia majengo mengi, na kila moja lilipokamilika walinzi wa lango waliacha kumtambua. Alikaa katika chumba cha kupanga nyuma ya Jamhuri, upande wa uwanja wa maonyesho. Jioni aliloweka maharagwe na mahindi ya githeri, alfajiri akayabeba. Kuloweka ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Maharagwe yasiyolala majini hula kuni mara mbili na bado hutoka magumu, na fundi akipewa maharagwe magumu hagombi. Kesho yake anakula kwa mwingine.

Mjengo wa bwana Thuo ulikuwa mkubwa kuliko yote aliyowahi kupikia. Bango la langoni lilionyesha ghorofa kumi na nne, bwawa la kuogelea, na watoto wanaocheka. Nanjala alifika wakati wa matope, msingi ulipokuwa shimo linalojaa maji kila usiku. Alivumilia. Kila mama wa mjengo anajua kwamba msingi ni njaa. Watu ni wachache, mvua inazima moto, na malori yanakutaka usogee kila saa. Faida huja mwishoni, wakati wa vigae, mabomba, nyaya na rangi, mafundi wa kila aina wanapojaa kwa pamoja. Nanjala alikuwa akipikia mwisho huo.

Ghorofa ya nne ilipomwagwa slabu ya zege, alianza kuona mabadiliko kwenye sahani. Waliozoea chapati mbili wakachukua moja. Kisha wakaacha parachichi. Kisha vijana wawili wakawa wanakula sahani moja, wakijifanya ni mzaha wa urafiki. Siku moja lori la vyuma halikuja, wala siku iliyofuata. Ijumaa hiyo Were, fomeni, mtu mrefu wa Ugenya asiyependa maneno mengi, alikuja akachuchumaa kando ya moto.

"Mama Lenox," alisema, maana Lenox ndiye mwanawe, anayefanya kazi Nakuru. "Tunapumzika kidogo."

"Nani amechoka?"

"Pesa ndiyo imechoka. Benki imepandisha riba, imekataa kuachilia ile sehemu ingine ya mkopo. Bosi anasema wiki mbili tu."

"Wiki mbili za huyo bosi ni za siku ngapi?"

Were alicheka bila kutoa sauti, akanyanyuka. Jumatatu hakukuwa na mtu ila Kibe, soja wa kulinda lango.

Nanjala aliwasha moto hata hivyo. Moto ukizimika angepoteza mahali, na pamoja na mahali angepoteza ile miaka miwili ya kazi iliyokuwa bado juu, hewani. Akaacha sufuria kubwa nyumbani, akaja na ya wastani, kisha ndogo. Alipikia Kibe, waendesha boda boda wawili watatu wa kona, na wasichana wa kazi waliotoka kwenye nyumba za jirani kununua chakula kidogo waajiri wao wakiwa ofisini. Vyuma vya nguzo vilivyobaki vimechomoza juu ya slabu vilianza kushika kutu. Mvua iliponyesha, kutu ilitiririka ukutani kama chai.

"Mimi nakula chakula cha watu sitini," Kibe alimwambia siku moja, "na bado suruali inaniteleza."

"Unakula cha mtu mmoja. Wengine hamsini na tisa wako nyumbani wanakula hewa."

Binamu yake, Jacklyne, alipika mjini, katika kichochoro nyuma ya River Road, ambako wabeba mizigo na vijana wa mikokoteni hula wakiwa wamesimama. Mwenzake wa jikoni alikuwa anarudi Busia kwa sababu kodi ya chumba ilimshinda, na Jacklyne alitaka Nanjala aje washirikiane nusu kwa nusu. Alipiga simu karibu kila jioni.

"Sasa huko unapikia nani? Ukuta?"

"Kazi itarudi, Jacky."

"Na mimi huku niko na watu wenye midomo ya kula. Nipe jibu kabla mwezi haujaisha."

Ndipo redio ya Kibe ikaleta habari. Ilikuwa redio ndogo iliyofungwa kwa raba, na mtangazaji alisema Benki Kuu imeshusha riba. Mtaalamu mmoja akaeleza kwamba sasa mikopo itakuwa nafuu, ujenzi utachangamka, ajira zitarudi na uchumi utakua. Kibe aliongeza sauti. Nanjala aliacha kuosha sahani, akasikiliza mpaka matangazo ya sabuni yalipoanza.

"Si hiyo ndiyo ilitufunga?" Kibe alisema. "Were alisema mwenyewe, riba. Sasa imeshuka."

"Hiyo kushuka inafika lini?"

"Imeshafika. Si wamesema imeshuka?"

Ijumaa ya wiki hiyo bwana Thuo akaja mwenyewe. Hakuwa amekanyaga pale tangu kazi isimame. Alikuja na wanaume wawili wenye viatu safi. Walipanda ngazi mpaka ghorofa ya nne, wakapima vyumba kwa utepe, wakagonga nguzo kwa vidole vilivyokunjwa, wakapiga picha. Thuo alimsalimia Nanjala kwa mbali kwa kuinua mkono. Walipokuwa wakitoka, Kibe aliwafungulia lango, na akarudi akitembea haraka kuliko kawaida yake.

"Nimewasikia kwa masikio yangu. Wamesema Jumatatu asubuhi."

Nanjala hakuuliza Jumatatu asubuhi kuna nini. Baadaye, alipolikumbuka jambo hilo, aliona kwamba swali lenyewe lilikuwa fupi na Thuo alikuwa bado pale nje, anafungua mlango wa gari.

Jumapili, baada ya kanisa, alienda soko la Kawangware akanunua maharagwe na mahindi ya mjengo mzima. Aliloweka kwenye sufuria zote mbili kubwa, kisha kwenye ndoo, kisha kwenye beseni la kufulia baada ya kulisugua. Chumba kikajaa vyombo hata akalazimika kuruka ili afike kitandani. Kisha akampigia Jacklyne.

"Tafuta mtu mwingine. Kazi inarudi kesho."

"Nani amekwambia?"

"Imetangazwa. Na mwenye mjengo amekuja kuangalia."

"Imetangazwa kwa redio?"

"Kwa redio."

"Na redio ndiyo itakula hayo maharagwe?" Jacklyne aliguna. "Haya. Nitamwambia rafiki yangu Anita aje. Usiseme sikukuuliza."

Jumatatu alilipia mkokoteni, sufuria zikafika Kileleshwa kabla jua halijatoka vizuri. Aliwasha moto mkubwa, wa aina ambayo hakuwa ameuwasha kwa miezi. Alikaanga vitunguu na nyanya, akachanganya. Harufu ilivuka ukuta, na mlinzi wa jengo la pili akapaza sauti kuuliza kama kazi imeanza. Kibe akamjibu kwamba imeanza.

Saa mbili ikapita, saa tatu ikapita. Lango liliposikika likigongwa, Kibe alikimbia kulifungua. Walikuwa wale wanaume wawili wa viatu safi, safari hii na karatasi kubwa zilizokunjwa.

"Mafundi wako nyuma?" Nanjala aliuliza.

"Mafundi gani, mama?" alisema mmoja wao, mdogo kidogo, kwa adabu. "Sisi ni wa kuthamini jengo. Linauzwa. Hamkuambiwa?"

Kibe akaangalia chini. Nanjala alifunika sufuria iliyokuwa wazi, kana kwamba kulikuwa na vumbi. Kisha akaifunua tena, maana wanaume wale walikuwa wanaiangalia, na akawapakulia sahani moja moja. Walikula wima. Yule mdogo alisema hajala githeri ya namna hiyo tangu akiwa kwa nyanya yake. Alisema kweli, na haikusaidia.

Waendesha boda boda walikula. Wasichana wa kazi walikuja na vibakuli vyao, na Nanjala akawajazia kupita walichoomba. Mlinzi wa jengo la pili akaja, akakuta hali ilivyo, akala. Bado sufuria moja nzima ilibaki, na nusu ya ile nyingine. Jua la mchana ni adui wa maharagwe. Kufikia saa kumi yalikuwa yameanza kutoa povu na harufu kali. Kibe alichimba shimo karibu na pale mchanga ulipokuwa umerundikwa, wakamwaga pamoja. Kibe akarudishia udongo.

"Mimi ndiye nilisikia vibaya, mama."

"Ulisikia vizuri. Jumatatu asubuhi wamekuja."

Kesho yake aliwasha moto mdogo, akamwachia Kibe auangalie, akaenda mjini. Ofisi ya bwana Thuo ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya redio na spika ya barabara ya Luthuli. Alitarajia karani. Mlango ulifunguliwa na Thuo mwenyewe, amevaa sweta, na ndani hakukuwa na mtu mwingine. Michoro ya nyumba ilikuwa imesimamishwa kwenye katoni kama mikate ya duka. Kelele za spika zilipanda kupitia sakafu.

"Mama wa githeri," Thuo alisema. "Kaa. Leo ni siku ya ngapi sijui, hata chai sina."

"Nimekuja kuuliza kitu kimoja tu. Kazi itarudi?"

Thuo alikaa pia. Alikuwa mzee kuliko alivyoonekana kule langoni.

"Kwangu mimi, hapana."

"Redio ilisema riba imeshuka."

"Imeshuka. Imeshuka kule juu, kwa Benki Kuu. Mimi nakopa huku chini, kwa benki yangu, na huku ni ile ile. Nimeenda kuwauliza. Wananiambia ningoje."

"Wanangoja nini?"

"Hawana haraka na mimi. Serikali yenyewe iko kwenye foleni inakopa, na serikali haisumbui benki. Hebu fikiria hivi. Uko na sufuria moja ya chakula. Mteja mmoja anachukua nyingi na una hakika naye. Mwingine ni Thuo, na jengo lake lililoshika kutu. Utampakulia nani kwanza?"

Nanjala alifikiri. "Yule wa hakika."

"Basi. Na mimi siwezi kukulaumu."

Chini mtu alijaribu spika, wimbo ukapiga nusu ya ubeti, ukakatwa.

"Na hata wakinipa," Thuo akaendelea, sasa akizungumza kama mtu aliyekosa wa kumwambia, "nimwuzie nani? Walioanza kununua zile nyumba zikiwa bado hewani ni walimu, manesi, watu wa ofisi. Mishahara yao imekatwa hiki, ikakatwa kile. Kuna mwalimu alikuja hapa, amekaa hapo ulipokaa, akaniambia anakatwa ushuru wa serikali wa kujenga nyumba, kwa hivyo hawezi kuendelea kununua nyumba. Alikuwa anacheka akisema. Mimi pia nilicheka." Alisugua macho. "Sisemi kodi ni mbaya. Ile barabara ya pale chini ilitengenezwa na kodi, na ploti yangu ikapanda bei kwa sababu ya hiyo barabara. Nilifurahi sana siku hizo. Ni vile tu mambo yote yamekuja pamoja, na mimi nimekwama ghorofa ya nne."

"Kwa hivyo unauza."

"Nauza vile ilivyo. Ghorofa nne, na kumi za hewa."

"Atakayenunua ataanza lini?"

"Mama, ningejua hilo singeuza." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Usiningojee. Nilikuona Ijumaa na moto wako, nikaona aibu kukuja karibu. Ningekuja, pengine ungeniuliza."

Nanjala alimshukuru, akateremka ngazi. Kutoka Luthuli mpaka kichochoro cha Jacklyne si mbali, lakini alikwenda pole pole, akisimama kila mikokoteni ilipoziba njia. Jacklyne alimwona kabla hajafika. Alikuwa amefungua mdomo kusema jambo la kuchoma, kisha akamtazama usoni na kulimeza.

"Anita ameshaanza," alisema. "Tulikubaliana jana. Siwezi kumtoa."

"Najua."

"Lakini maharagwe yake hayaliki. Njoo upike maharagwe. Tutagawa mara tatu. Ni kidogo, dada."

"Ni sawa."

Jumatano alirudi Kileleshwa kuchukua vyombo. Hakumwagia moto maji. Aliacha kuni zijimalize, akakaa kando yake mpaka makaa yalipofunikwa na majivu. Mawe hakuyagusa, maana mawe hubaki.

"Mtu akija," alimwambia Kibe, "mwambie nimeondoka mwenyewe. Sikufukuzwa."

"Nitamwambia. Na mimi nani atanipikia?"

"Utapika. Umeniangalia mwaka mzima."

"Nimeangalia sahani, mama. Sufuria sikuangalia."

Kule mjini kazi haikuwa mbaya, ila ilikuwa ya watu watatu kwenye jiko la wawili. Wabeba mizigo waliomba nusu sahani. Anita alizoea kuimba, na Jacklyne alizoea kumwambia anyamaze. Riba ilishushwa tena, na baadaye tena. Habari zilisikika kutoka duka la simu lililo mdomoni mwa kichochoro, na kila mara mtaalamu alieleza kwamba ukuaji utaonekana karibuni. Walioshika sahani hawakuinua vichwa. Kwa kweli kuna vitu vilivyotulia bei. Mafuta ya kupikia hayakupanda kwa miezi kadhaa, na Nanjala alilisema jambo hilo kwa haki mbele ya Jacklyne. Jacklyne akasema ndiyo, yametulia huko huko juu yalipopanda.

Ilikuwa mwaka mwingine, mvua fupi zikikaribia kwisha, simu yake ilipolia na namba asiyoijua.

"Shikamoo, mama. Ni Mama Lenox? Naitwa Mwihaki. Namba nimepewa na Kibe." Mwanamke huyo alivuta pumzi. "Niko kwa mawe yako. Kazi imeanza leo. Nilikuwa naomba uje."

Nanjala alivua aproni, akamwambia Jacklyne anarudi mchana. Alipofika langoni bango lilikuwa jipya. Watoto wanaocheka walikuwa wameondolewa, na ghorofa zilikuwa tisa badala ya kumi na nne. Juu, watu walikuwa wakisugua kutu kwenye vyuma kwa brashi. Hakumwona Were, wala uso wowote aliouzoea, ila Kibe, aliyemfungulia lango kwa kusimama wima kama anapokea bwana mkubwa.

Mawe yalikuwa pale pale. Mwihaki alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, wa Dagoretti, mwenye mikono iliyoungua hapa na pale kama ya mtu anayejifunza. Mafundi walikuwa wameanza kushuka na kujipanga, na wengine walikuwa wanaulizana ni nini kinachongojewa. Mwihaki alipakua sahani, akaijaza, akamkabidhi Nanjala kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma hatua moja.

Nanjala alikaa kwenye jiwe la ujenzi, akala. Kijiko cha kwanza kilimwambia kila kitu. Mchuzi ulikuwa mzuri, vitunguu vimeiva, lakini maharagwe yalikuwa magumu katikati, yanapasuka chini ya meno kama chaki.

"Uliloweka lini?" aliuliza, kwa sauti ambayo mafundi hawangeisikia.

Mwihaki aliinama kidogo. "Leo asubuhi, mama. Baada ya kuwaona wakipanda kwa macho yangu. Jumamosi fomeni mpya aliniambia kazi ni Jumatatu, na kwa redio wanasema uchumi umeamka. Nikasema wacha nione kwanza. Kibe aliniambia ile yako ya kumwaga maharagwe."

"Kibe humwambia kila mtu."

"Nilikuwa na siku mbili za kuloweka. Nikaogopa."

Nanjala alitazama watu waliokuwa wakisubiri. Hawakuwa wengi, hawakufika thelathini, na baadhi yao walikuwa wembamba kuliko mafundi aliowajua. Wangekula hayo maharagwe leo, kesho wangetafuta kwingine, isipokuwa kama usiku huu mwanamke huyu ataloweka. Sahani ilikuwa bado nusu. Angeiweka chini, pangekuwa na kesi, na kesi hiyo angeishinda. Kila mama wa mjengo kutoka hapa mpaka Lavington angekubali kwamba chakula kile hakikuwa cha kurithia mawe.

Alitafuna pole pole, upande ambao meno yake yalikuwa bado mazima. Alikula mpaka kijiko kikagonga bati. Akafuta mdomo kwa leso, akarudisha sahani.

"Chumvi iko sawa," alisema. "Leo jioni loweka."

"Na wasipokuja kesho?"

Nanjala alikuwa tayari amesimama, anatafuta nauli mkobani. Mwihaki akageukia mafundi, akachukua upawa, na foleni ikasogea.